Mathenge ya Adeer Dubow

Dubow alikufa alfajiri, na kabla jua halijawa kali wanawake wa mtaa walikuwa wamekwisha kupita mlangoni mmoja mmoja kumwambia Habaryar Shamsa amsamehe. Nilikuwepo. Shule zilikuwa zimefungwa, nami nilikuwa nimeshuka kutoka Mandera ninakofundisha, kuja kukaa naye Garissa kama nifanyavyo kila likizo. Habaryar, mdogo wake mama yangu, sasa ni bibi kizee asiyeweza kupiga magoti wakati wa kusali. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake akichovya anjera katika chai, na kila mgeni alimjibu maneno yaleyale: inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Zaidi ya hapo hakutoa kitu. Mgeni aliposema neno samahani, Habaryar alimuuliza kama chai ilikuwa na sukari ya kutosha. Mimi pia sikusamehe, na nalisema mapema ili msomaji asije akangojea machozi. Tangu mwaka ule niliokaa katika nyumba hii, msichana aliyemaliza kidato cha nne na asiyejua aendako, nimemchukia Dubow bila kuchoka. Watu husema chuki inamla mwenyewe. Labda. Mimi ile ilinifunza kuamka mapema.

Nilifika nikitoka kwetu Diff, mwezi ambao Habaryar alikuwa ametoka edani. Mumewe alikuwa amekufa bila kumwachia mtoto. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili vya mawe na jiko la mabati lililoegemezwa ukutani, na chumba nilichopewa kilinuka uvumba na ngozi za mbuzi zilizokunjwa chini ya kitanda. Dirisha langu lilitazama nyuma. Nasema lilitazama nyuma, lakini siku ya kwanza nilipolifungua sikuona uwanja wowote, niliona majani. Mathenge ilikuwa imesimama mpaka dirishani, matawi yamesukwa pamoja, miba mirefu, na maganda ya manjano yakining'inia kila mahali. Habaryar aliniambia kwamba nyuma ya ule msitu kulikuwa na nusu nzima ya kiwanja chake, na choo cha zamani, na jiwe ambalo mumewe alikuwa akilikalia kutia udhu. Hakuwa ameliona lile jiwe tangu mumewe alipoanza kuugua. Kiwanja kile kinainama kidogo. Mvua ikinyesha, maji huteremka kutoka mwinuko wa makaburini, hupita uwanjani kwake na kuendelea kuelekea mtoni. Kila mwaka maji hayo yalileta maganda, na kila mwaka mathenge ilisogea hatua nyingine kuijia nyumba. Mtu akiugua, nani atakwenda kung'oa magugu?

Dubow alikuwa ndugu wa marehemu, na kiwanja chake kilipakana na chetu kwa upande. Mimi nilimwita Adeer, kama tunavyomwita kila mwanamume wa umri wa baba, na jina hilo lilinikaa mdomoni vibaya. Alikuwa mtu nadhifu, kanzu haina kunjo, ndevu zimetiwa hina, na alikuwa na namna ya kuingia uani akitazama kuta kabla ya kutazama watu. Kwetu ndugu wa marehemu anaweza kumposa mjane. Tunaita dumaal, na wapo wanawake ambao imewastiri. Dubow aliposa. Habaryar alikataa, tena haraka, kabla mjumbe hajamaliza chai yake. Hilo ndilo jambo ambalo Dubow hakulimeza mpaka kufa kwake.

Wiki chache baadaye wazee wa ukoo waliketi kwenye chumba cha mbele, na mimi nilikuwa upande wa pili wa pazia nikikaanga nyama ya ngamia na kumimina chai kwenye thamosi. Niliyasikia yote. Dubow hakudai nyumba. Alikuwa mjanja kuliko hapo. Alisema mbele akae Shamsa, Mungu ampe umri, lakini kule nyuma ni pori tu, hakuna anayepatumia, na yeye ana watoto wa kuwajengea. Mzee mmoja akauliza kama kweli ni pori. Dubow akamwambia ainuke atazame kupitia dirishani. Mzee akainuka, akapita karibu nami akiomba radhi, akafungua dirisha la chumba changu, na mathenge ikamtazama usoni. Walikubaliana hivi: mvua za masika zikipita, watarudi. Wakikuta nyuma ni mahali pa watu, patakuwa pa Shamsa. Wakikuta ni pori, pataenda kwa Dubow. Walipoondoka, Habaryar alikaa akitazama sahani za mifupa. "Akipata nyuma, habaryar," aliniambia, maana kwetu mkubwa humrudishia mdogo jina lilelile la udugu, "kila asubuhi nitatoka jikoni nikute uso wake. Mwaka mmoja tu, atakuwa ameingia mbele."

Tulianza siku ya pili. Tulikuwa na panga, shoka lenye mpini uliofungwa kwa mpira wa baiskeli, na viatu vya mpira vya marehemu ambavyo tulivivaa kwa zamu. Nimefanya kazi nyingi tangu wakati huo, sijaona kazi ya kinyama kama ile. Mathenge haikatwi, inapiganwa. Ukivuta tawi moja, lingine linakurudia shingoni. Mwiba wake ukikuchoma unaweza kusema ni kitu kidogo, kisha jioni kidole kimevimba na usiku huwezi kukikunja. Habaryar alichomwa kwenye wayo mwiba ukavunjikia ndani, na kwa muda mrefu alikuwa akichechemea huku akiutukana mti kwa Kiswahili. Nyumbani tulisema Kisomali, lakini Kiswahili chake alikipata sokoni akiuza maziwa ya ngamia kwa wake za maaskari, na alikiweka kwa ajili ya vita. Kisomali kilikuwa na mama yake ndani, aliniambia. Hakikumruhusu kusema yaliyomjaa. "Mti hii haina aibu," alikuwa akisema, akiipiga shoka, macho kwenye ua wa Dubow. "Hii mti nafanana na mwenyewe."

Kufikia mwisho wa mwezi tulikuwa tumeikata yote mpaka chini. Tuliliona lile jiwe la udhu. Habaryar alilikalia, akaomba maji, akatia udhu hapo hapo, na nilidhani tumeshinda. Basi baada ya muda mfupi kila kisiki kilikuwa kimetoa vichipukizi, na si kimoja kimoja. Palipokuwa na shina moja sasa palikuwa na kichaka. Dubow alikuwa akipita upande wake wa ua, anasimama, anatutazama, anatuambia masha Allah, kazi nzuri. Nilitamani kumrushia kisiki.

Ndipo alipoleta mbuzi. Alikuja mwenyewe baada ya sala ya alasiri, na kundi zuri la mbuzi weupe nyuma yake, na sauti laini ambayo sikuwa nimewahi kuisikia. Alisema nyumba bila mifugo ni nyumba iliyokufa. Alisema anajua Shamsa ana hasira naye, lakini mbuzi hawana ugomvi na mtu. Akae nao, anywe maziwa, na watamlia yale machipukizi yanayomsumbua. Sijui watu wa mahali pengine wangefanya nini. Sisi tumelelewa na mifugo. Mtu wetu anaweza kukukataa wewe na mlango akakufungia, lakini mnyama mwenye maziwa akisimama langoni mwake hamrudishi; angeona anairudisha riziki kwa aliyeileta. Habaryar aliwatazama wale mbuzi, na niliona uso wake ukilegea kama wa msichana. Tangu mumewe auze wa mwisho ili kulipia matibabu, hakuwa amekamua. Akasema bismillahi. Akawafungulia.

Dubow na vijana wake waliwajengea zizi palepale nyuma kwa siku moja, ua wa matawi ya miba kama tunavyojenga kila mahali, na matawi waliyotumia yalikuwa yaleyale tuliyokuwa tumeyakata, na mengine waliyoyaleta kutoka kando ya mto, yamejaa maganda. Kila siku chache alileta pia magunia ya maganda kama chakula cha ziada. Mbuzi huyapenda yale maganda kwa sababu yana sukari, na wakiyala miaka mingi meno yanawaoza, lakini hilo hatukulijali wakati ule. Tulikuwa na maziwa. Asubuhi tulikunywa chai nyeupe, nzito, na jioni Habaryar alitengeneza samli, akanipaka nyweleni, na kwa mara ya kwanza tangu nifike alicheka. Mbuzi walizunguka uwanja mzima mchana, wakala machipukizi kweli, wakaacha vinyesi vyao kila pembe. Mimi nilivifagia kutoka njiani na kuvitandaza pembeni, kwa sababu Habaryar alitaka kupanda mchicha mvua zikija. Nilikuwa mtoto wa wafugaji nisiyejua chochote kuhusu mbegu. Yeye pia hakujua. Dubow, aliyekuwa na shamba kando ya mto na alikuwa amehangaika na mathenge miaka yote, alijua.

Najua alijua kwa sababu nilimsikia. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha, hewa imepoa, nami nilikuwa zizini nikikamua, nimechuchumaa nyuma ya mbuzi, siwezi kuonekana. Upande wa pili wa ua Dubow alikuwa anazungumza na rafiki yake, mwenye duka la nyama. Yule mwenye duka alimuuliza kwa nini anamlisha mwanamke aliyemkataa. Dubow akacheka kidogo, kicheko cha puani. "Simlishi," alisema. "Mbuzi wananilimia. Lile ganda likipita tumboni mwa mbuzi, mbegu inatoka tayari na mbolea yake. Ngoja mvua ya pili. Wazee watapata msitu." Nilikaa pale mpaka miguu ikafa ganzi, kisha nikaingia jikoni nikamwambia Habaryar neno kwa neno.

Habaryar alitoka nje, akainama pale nilipokuwa nimetandaza vinyesi, akapekua kwa kidole. Mbegu zilikuwa zinaota. Vijani viwili viwili, vidogo, laini, vya kijani kizuri sana, kila mahali, palipotengewa mchicha, kando ya jiko, chini ya dirisha langu, hata kwenye nyufa za jiwe la udhu. Akasimama wima akatembea mpaka kwenye ua, na hapo ndipo nilipokisikia Kiswahili chake chote kikitoka kwa mkupuo mmoja. "Wewe Dubow! Njoo chukua mbusi yako! Njoo saa hii! Mimi nakupa heshima, wewe nabanda miba ndani ya nyumba yangu? Ndugu yako nalala kaburini, wewe naiba jiwe yake ya kutawadha? Beleka hii maziwa yako, beleka hii mafi yako, yote!" Majirani walitoka. Dubow alikuja akijifanya hajui neno, akisema dada amepandwa na kitu kichwani, asomewe Kurani. Habaryar alimfungulia mbuzi mmoja mmoja kumpita usoni, na wa mwisho alipotoka akalifunga lango akaliegemea kwa mgongo. Alikuwa akilia, na nilielewa kwamba alikuwa akiwalilia mbuzi.

Baada ya hapo hatukupumzika. Miche tuliing'oa kwa mikono udongo ukiwa bado na unyevu, tangu alfajiri mpaka jua linaposhuka, tumeinama, ndoo kwa ndoo, na yote tuliichoma. Ua wa zizi tuliuchoma pamoja na maganda yake. Visiki ndivyo vilivyotushinda, mpaka siku moja Habaryar, kwa hasira tu, akaamua kukichimbua kimoja mpaka ajue kinaishia wapi. Alichimba kwa mtaimbo tangu asubuhi, hakula, hakunijibu nilipomwita. Alipomaliza alinionyesha: chini kidogo ya udongo shina lilivimba kama goti, na machipukizi yote yalianzia kwenye uvimbe huo. Chini yake palikuwa na mzizi mtupu usio na jicho. Akakata chini ya goti. Tulingoja, na kile kisiki hakikurudi. Vilivyobaki tulivifanya hivyohivyo, kimoja baada ya kingine, na viganja vyangu vikawa vigumu kiasi kwamba sikuhisi moto wa sufuria. Wakati wa kula tulikaa kwenye jiwe la udhu, wali na sukari na ndizi, tukimtazama Dubow anapita. Nilikuwa na furaha. Ni ajabu kuisema, lakini ndiyo kweli: sijawahi kuwa na mwaka ambao nilijua vizuri hivyo nani adui yangu na kazi yangu ni ipi.

Kilichobaki ni miba iliyoanguka, ambayo haionekani kwenye mchanga. Tulifagia, tukachekecha kwa chujio la unga, kisha Habaryar akasema njia ni moja tu. Akavua viatu. Nami nikavua. Tukautembea uwanja ule peku, mwendo wa pole, bega kwa bega kutoka ukuta mpaka ukuta, na kila tulipochomwa tulisimama, tukautoa mwiba, tukauweka kwenye kopo, tukaendelea. Tulifanya hivyo kila asubuhi mpaka ikafika asubuhi tuliyotembea tukarudi na kopo tupu.

Wazee walikuja baada ya alasiri. Dubow alikuja nao, kanzu yake nyeupe, amevaa viatu vya ngozi vilivyofungwa kamba. Wazee walipotaka kuketi chumba cha mbele kama mara ile, Habaryar aliwaambia chai iko nyuma. Akawapitisha jikoni. Mikeka alikuwa ameitandika mwisho kabisa wa kiwanja, karibu na ua wa nyuma, na sambusa na thamosi na mito ya kuegemea. Kati ya mlango wa jikoni na mikeka ile palikuwa na uwanja mtupu wote. Habaryar akasimama mlangoni akasema kwa Kisomali, kwa adabu ambayo ingemfurahisha mama yake, "Viatu mniachie hapa, wazee wangu. Hapa ndipo nyumba inapoanza."

Walitazamana. Kila mtu alijua kilichokuwa kimeota pale, na kila mtu wa Garissa ana hadithi ya mwiba wa mathenge. Yule mzee aliyewahi kufungua dirisha langu ndiye aliyeanza. Alishika fremu ya mlango, akavua ndala, akaweka wayo mmoja mchangani, kisha wa pili. Akatembea. Alikwenda polepole sana mwanzoni, halafu nikaona mabega yake yanashuka, na katikati ya uwanja alikuwa anatembea kama mtu anayekwenda kusali. Wengine wakamfuata, wazee watu wazima, kanzu wamezinyanyua kidogo, nyayo zao nyeupe kwa vumbi. Dubow alibaki mlangoni na viatu vyake. Sidhani kama aliogopa mwiba. Alijua maana ya kuvivua. Yule mzee alikuwa amekwisha kuketi, kikombe mkononi, alipogeuka akamwona.

"Dubow," alisema, "vua viatu, mtu wangu. Tuko ndani ya nyumba ya watu."

Hakukuwa na hukumu nyingine. Dubow alisimama kidogo, akageuka, akapitia jikoni akatoka bila kunywa chai, na Habaryar akawamiminia wengine. Mwaka uliofuata nilikwenda chuo. Wale wawili waliishi wamepakana miaka yote hii, na kila nilipokuja likizo nilimkuta Habaryar amechuchumaa mahali fulani uwanjani, baadaye amekaa kwenye kigoda, akikinyofoa kijani kidogo kilicholetwa na maji au na mbuzi wa mtu mwingine. Upande wa Dubow mathenge iliachwa ikafika juu ya paa. Hakuwahi kuomba msamaha. Wala Habaryar hakuwahi kumwacha apite langoni.

Basi mchana wa siku aliyokufa tulikuwa uwanjani huo huo, chini ya kivuli cha ukuta, tuliposikia mkokoteni wa punda njiani. Njia ya makaburini inapita langoni kwetu. Siku hizi fisi wamekuwa jeuri, wanashuka mpaka mitaani, na kaburi jipya lazima lizungushiwe miba. Mkokoteni ulikuwa umesheheni matawi ya mathenge yaliyokatwa palepale kwa marehemu, na pembeni yake alitembea mtoto wake mkubwa, Bashir, mtu mzima mwenye watoto, macho yamemvimba. Matawi yalikuwa na maganda mengi, ya manjano, yameiva.

Habaryar aliniomba mkono. Nilimwinua, akatoka langoni, kitu alichokuwa hajakifanya kwa miezi, na kumsimamisha punda. "Bashir," alisema, "shusha." Bashir akamwita edo, shangazi, akasema maiti anangoja, watu wako msikitini. Akasema tena, "Shusha." Wakayashusha matawi. Habaryar akaketi kwenye kigoda nilichomletea, katikati ya njia, jua limempiga, akaanza kuyachuma maganda, ganda moja moja, akiyatia kwenye karai lililokuwa mapajani mwake. Miba ilimchoma, sikuona akishtuka. Nami nikainama nikachuma. Wanawake wa mtaa walitoka milangoni mwao, na mmoja wao, yule aliyesisitiza zaidi asubuhi, akaanza kulia kwa sauti. Bashir akaja akambusu Habaryar kichwani. "Allah akulipe, edo," alisema. "Leo umemsafishia njia yake." Habaryar alimtazama kwa upole, akampigapiga mkono, akamwambia aende, asimcheleweshe baba yake.

Walipakia matawi tena, na mkokoteni ulipokwisha kupinda kona tulirudi ndani na karai limejaa. Nilimuuliza, kwa Kisomali, kama ndiyo amemsamehe. Akacheka kicheko chake cha sokoni, akanijibu kwa Kiswahili.

"Wewe nasoma chuo, nasahau maji natoka wabi? Mvua ikikuja, maji ya makaburi nabita hapa kwangu." Akaliweka karai chini, katikati ya uwanja. "Mimi natoa huyu mtu hapa mara moja. Mara ya bili mimi sina magoti. Leta kiberiti."

Nikaleta kiberiti.